Chimbamvua wa Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu hadithi za chimbamvua zianze kusomwa, maswali yananijia kutoka kila upande: wanafunzi, wachoraji, walimu wa sayansi, wazazi wanaowasomea watoto kabla ya kulala. Mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyajibu hapa kwa pamoja. Kila kinachohusu mwili na tabia za chimbamvua nimekitunga mimi. Kila kinachohusu mvua, udongo, miti, wanyama wengine na maeneo ya Dodoma na majirani zake ni halisi, na ndicho nilichokiegemea wakati wa kutunga.

Je, chimbamvua yupo kweli?

Hayupo. Ni kiumbe wa kutungwa. Nalisema wazi kwa sababu wanafunzi wamekuwa wakimweka kwenye kazi za darasani pamoja na mhanga na nungunungu. Tafadhali msifanye hivyo.

Wengine huongeza: mbona wanyama wapya wanagunduliwa hadi leo? Ni kweli wanagunduliwa, tena hapa kwetu. Kima aitwaye kipunji alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005, baada ya kuonekana kwenye misitu ya Rungwe na Udzungwa. Mwaka 2008 akafuata sange mwenye uso wa kijivu, naye wa Udzungwa, mwenye uzito wa gramu 700 hivi. Lakini hao walikuwa ndani ya misitu minene ya milimani. Mnyama wa kilo 70 katika nyanda ambazo wachungaji huzipita kila siku na ng'ombe wao asingejificha. Angekuwa na jina kwa Kigogo, Kirangi, Kisandawe na Kinyaturu tangu enzi za mababu.

Ni mnyama wa aina gani?

Ni mnyama anayenyonyesha. Nimempa ukoo halisi, ule ambao wanabayolojia huuita Afrotheria. Ndani yake wamo tembo, pimbi, mhanga, sange na nguva. Ukiwatazama kwa macho huoni undugu wowote: nguva yuko baharini, pimbi anaota jua juu ya jabali, tembo anavunja miti. Undugu wao umethibitishwa kwa vinasaba, na asili yao ni bara hili letu.

Niliuchagua ukoo huo kwa sababu una karibu kila kitu ninachohitaji. Mhanga ana kucha za kuchimba. Tembo anahisi mtetemo wa ardhi kwa nyayo zake na anafukua maji mchangani. Tenreki wa Madagaska, ambao nao wamo humo, hulala miezi mingi mfululizo, na hulala hivyo katika nchi ya joto, si ya theluji. Kwa hiyo karibu kila uwezo wa chimbamvua tayari upo kwa ndugu zake. Nimeukusanya tu mahali pamoja.

Anafananaje?

Urefu wa mwili mita moja na robo bila mkia. Kimo kinafika kwenye goti la mtu mzima au kuzidi kidogo. Mgongo umepinda juu, miguu ya mbele mifupi na minene yenye kucha nne bapa, miguu ya nyuma mirefu zaidi kwa ajili ya kusukuma udongo. Pua ndefu na laini, yenye matundu yanayofungika. Masikio hulala kabisa kichwani anapoingia shimoni. Ngozi nene, nywele chache na ngumu, rangi ya udongo wa mahali alipo: mwekundu akiwa Kondoa, wa kijivu akiwa mbugani Bahi.

Na mkia. Mkia ndio mnyama mwenyewe. Mwezi wa sita ni mnene kuanzia kiunoni hadi karibu na ncha, unajaa mafuta na kuburuzika chini. Mwezi wa kumi na mbili, anapotoka shimoni, umebaki ngozi iliyokunjamana. Anayemchora chimbamvua lazima aamue kwanza ni mwezi gani.

Kwa nini Dodoma? Mbona usimweke Serengeti au Kilimanjaro?

Kwa sababu viumbe wa kutungwa wa aina hii hupelekwa huko kila siku, na kwa sababu kiangazi cha kati ndicho kilichomuumba. Mji wa Dodoma uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu, na jua na upepo vina nguvu ya kukausha maji mengi kuliko yale yanayoshuka. Hata mito ina tabia yake: Bubu unatelemka kutoka Kondoa na kuishia kwenye mbuga ya Bahi, haufiki baharini.

Mnyama anayeishi hapa ana njia tatu tu. Ahame, kama wafanyavyo ndege wengi. Awe na mbinu ya kupata maji yaliyofichika. Au alale mpaka mvua irudi. Chimbamvua nimempa ya pili na ya tatu, moja baada ya nyingine, na maisha yake yote yamepangika kwa hizo mbili.

Mwaka wake unakwendaje?

Desemba hadi Aprili anakula na kunenepa. Mwisho wa Machi hupandana. Mei hadi mwanzoni mwa Septemba, wakati majani yamekauka na kipupwe kinavuma, anaishi kando ya makorongo ya mchanga na kuchimba maji. Maji yakishuka kupita uwezo wake, anaingia shimoni, anaziba mlango kwa udongo, analala siku 80 hivi. Anatoka mvua zikishakolea, si zikianza. Hilo la mwisho nalieleza hapo chini.

Wakati wa kiangazi anapata wapi maji?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana jibu lake liko mbele ya macho ya kila aliyekulia huku.

Nenda kwenye korongo lolote la mchanga mwezi wa nane. Juu ni pakavu, mchanga unaunguza nyayo. Lakini utakuta mashimo yaliyozungushiwa miiba ili mbuzi wasitumbukie, na kina mama wamechuchumaa na vibuyu. Anayeteka anachota vikombe viwili vitatu, maji yanaisha, anasubiri. Chini pale utaona mchanga unabadilika rangi taratibu, kisha maji yanachuruzika kutoka pembeni na kujaa tena kiasi cha kiganja. Kwenye ukingo wenye unyevu nyuki wamejipanga wananyonya, na hawamsumbui mtu.

Mchanga wa chengachenga ni ghala la maji. Kati ya robo na theluthi ya ujazo wake ni nafasi tupu, na mto ukifurika Januari nafasi hizo hujaa. Maji yakishashuka kama sentimita 60 chini ya uso, jua karibu haliyafikii tena, kwa hiyo hayakauki kama ya bwawani. Yanabaki pale miezi, yakishuka polepole kuelekea kwenye tabaka gumu.

Tembo wanalijua hili. Katika mito ya mchanga ya Ruaha hufukua kwa miguu na mkonga, na wakishaondoka wanyama wengine huja kunywa kwenye visima vyao. Chimbamvua anafanya kazi hiyohiyo pale ambapo tembo hawafiki tena. Ananusa juu ya mchanga, anachagua upande wa nje wa kona ya korongo, anachimba kwa mteremko ili ukuta usimwangukie. Uwezo wake ni mita moja na nusu kwenda chini. Zaidi ya hapo mchanga unaporomoka haraka kuliko anavyoutoa, na hiyo ndiyo ishara ya kwenda kulala.

Anawezaje kulala siku 80 bila kula wala kunywa?

Walimu wawili wa sayansi waliniomba hesabu, kwa hiyo naiweka yote.

Mnyama anayenyonyesha mwenye kilo 70, akiwa amepumzika tu, hutumia kama kilokalori 1,700 kwa siku. Usingizini mwili wa chimbamvua unashusha matumizi hadi moja ya tano, yaani 340. Kwa siku 80 ni 27,200. Kilo moja ya mafuta hutoa kilokalori 9,000 hivi, kwa hiyo dume anahitaji kilo tatu za mafuta na kitu kidogo. Nimempa mkia wenye kilo tano, maana miaka mingine mvua inachelewa, na mwenye mkia wa kutosha siku 80 tu atafia shimoni siku ya 90.

Maji ni hesabu nyingine. Mafuta yakichomwa mwilini huzalisha maji, na kilo moja ya mafuta hutoa zaidi kidogo ya lita moja. Wengi hudhani ngamia hubeba maji kwenye nundu, anabeba mafuta. Kwa ngamia aliye juani faida hiyo huliwa na pumzi, kwa sababu ili kuyachoma mafuta lazima avute hewa kavu na kutoa hewa yenye unyevu. Chimbamvua yuko kwenye shimo lililozibwa, hewa yake imejaa unyevu wa pumzi yake mwenyewe, na anapumua mara chache sana. Lita tatu za siku 80 zinamtosha, mradi asikojoe.

Joto nalo halimsumbui. Kina cha mita mbili hakijui mchana wala usiku; joto la udongo hapo hukaribia wastani wa joto la mwaka mzima, ambao kwa Dodoma ni kama nyuzi 23. Hewa ndiyo ngumu zaidi. Shimo lililozibwa hukusanya hewa chafu, na fuko wanaoishi ardhini maisha yao yote wana damu iliyozoea hali hiyo. Nimempa damu ya namna hiyo, na mlango wake ni wa udongo uliofukuliwa, ambao hupitisha hewa kidogo.

Je, analeta mvua?

Hapana. Katika hadithi wahusika wengine wanaamini hivyo, na sina nia ya kuwadharau: hapa kwetu mvua ilikuwa dhamana ya watemi wa Kigogo, na jamii iliyopitia njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920 ina haki ya kuitazama mvua kwa hofu na heshima. Lakini ndani ya dunia niliyoitunga, chimbamvua anaifuata mvua. Haiamuru.

Basi anajuaje kwamba mvua imefika, na yuko mita mbili chini?

Kwa ishara mbili, na zote lazima zipatikane.

Ya kwanza ni mtetemo. Kuna vyura wa majangwani wanaojifukia ardhini na kuamka kwa mngurumo mzito wa mvua na radi, si kwa unyevu. Chimbamvua anahisi radi kwa mifupa ya taya iliyolala juu ya udongo. Ikinguruma, moyo unaongeza kasi, mwili unaanza kupata joto. Lakini hatoki.

Anasubiri maji yamfikie puani. Mkulima yeyote wa Dodoma anaelewa sababu. Mvua ya kwanza inaweza kupiga vizuri, watu wakapanda uwele na mtama, mbegu zikachipua, kisha wiki mbili au tatu anga ikawa nyeupe na miche ikakauka shambani. Mnyama anayekurupuka na radi ya kwanza atatoka na mkia mtupu kwenye nchi isiyo na jani. Unyevu ukishashuka hadi kina chake, maana yake imenyesha ya kutosha, udongo wa juu umeshiba, na majani yako njiani. Kila mita ya udongo juu yake inamkinga na mvua ya uongo.

Hii ina gharama. Kila anapoamshwa na radi bila kutoka anachoma mafuta bure. Mwaka wenye radi nyingi na mvua chache ndio unaoua chimbamvua wengi, hata kuliko mwaka wa ukame kamili.

Jike anabebaje mimba huku amelala?

Kwa shida kubwa, na ndiyo sababu majike ndio wahusika wakuu wa hadithi zangu.

Katika ukoo wake mimba ni ndefu. Pimbi, mnyama wa kilo chache tu, hubeba kwa miezi saba hivi. Mhanga vilevile. Tembo miezi 22. Chimbamvua nimempa miezi minane: anapata mimba mwisho wa Machi, anazaa mwisho wa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, ili mtoto akianza kutafuna akute majani mabichi. Kwa hiyo usingizi wote unaangukia nusu ya mwisho ya mimba, wakati mtoto anakua kwa kasi.

Mwili ukipoa mno, mtoto hakui. Basi jike halali kama dume. Anashusha matumizi hadi nusu tu. Rudia hesabu ile: kilokalori 850 kwa siku, mara siku 80, ni 68,000, yaani kilo saba na nusu za mafuta kabla hujahesabu maziwa. Ndiyo maana mkia wa jike lazima ufike kilo kumi au zaidi, mara mbili ya dume, na ndiyo maana jike ndiye anayetawala kisima cha mchangani. Dume anasubiri zamu yake.

Jike asiyefikisha unene huo kabla ya Septemba hazai mwaka huo. Mwili hunyonya mimba ikiwa bado changa, jambo linalotokea hata kwa sungura anapopata dhiki. Wasomaji wengine wameniambia sehemu hiyo inawaumiza. Inaniuma na mimi. Lakini nchi yenye mvua za kubahatisha haiwezi kuwa na mnyama anayezaa kila mwaka bila kukosa.

Mtoto huzaliwa mmoja, macho wazi, shimoni, gizani. Ananyonya maziwa yaliyotoka kwenye mkia wa mama yake mpaka siku udongo unapolowa.

Anakula nini?

Masika: nyasi, mlenda pori, mizizi, uyoga unaochipua kwenye vichuguu. Usiku kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua za mwanzo anakula hadi anashindwa kutembea, kwa sababu wana mafuta mengi. Kuanzia Mei anaokota ubuyu chini ya mibuyu, pamoja na maganda ya migunga, na kuchimba viazi pori. Hali nyama.

Nani humla?

Chui na fisi wakimkuta nje. Chatu humfuata shimoni. Nyegere huchimba na kuchukua mtoto. Aliyelala mita mbili chini, mlango umezibwa, yuko salama zaidi kuliko mnyama yeyote wa ukubwa wake.

Angekuwepo, angeibadilisha nchi kwa namna gani?

Kwa visima kwanza. Kisima kimoja mchangani kinanywesha kanga, kwale, digidigi, nyani, nyuki. Nyuki usiwadharau: nyanda za Manyoni na Itigi zinajulikana kwa asali, na mzinga usio na maji karibu haudumu kiangazi.

Pili, kwa mashimo. Mhanga halisi hufanya hivi tayari: mashimo aliyoyaacha hukaliwa na ngiri, nungunungu, popo na nyoka. Shimo la chimbamvua ni kubwa zaidi na hutumika msimu mmoja tu.

Tatu, kwa mibuyu, na hapa nitakaa kidogo. Ua la mbuyu hufunguka jioni na kufikia kesho yake limeanguka. Popo wala matunda ndio wanaobeba chavua usiku huo mmoja. Tunda likikomaa, mbegu ina ganda gumu ambalo maji hupenya kwa taabu, na hulegea likipita kwenye tumbo la mnyama. Tatizo la mbuyu kwa sasa huja baada ya hapo: mche unatoka, mbuzi anakula. Unaweza kutembea kutwa nzima kati ya mibuyu mikubwa usione hata mmoja mchanga.

Chimbamvua anakula ubuyu, anakunya kwenye mdomo wa shimo lake la zamani, shimo linabomoka, na udongo laini wenye mbolea unabaki kwenye bonde dogo linalokusanya maji. Mche ukiota hapo uko chini ya usawa wa ardhi, umezungukwa na vichaka vya miiba vilivyowahi kabla yake. Mbuzi hafiki. Miaka kadhaa baadaye unachomoza ukiwa umeshanenepa. Kwenye ramani ya hadithi zangu mibuyu michanga imepangika kwenye mistari, na mistari hiyo ni mashimo ya vizazi vya chimbamvua.

Lakini kuchimbachimba si ndiko kunakoleta mmomonyoko?

Swali la haki kabisa, hasa likitoka kwa mtu wa Kondoa. Milima ya Irangi ilikatwa na makorongo mekundu hivi kwamba mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Uoto ukarudi pale ambapo watu walikuwa wameshakata tamaa.

Nikamtunga chimbamvua nikiwa na makorongo hayo akilini. Mnyama wa kilo 70 anayefukua kwenye mteremko usio na nyasi angekuwa balaa. Kwa hiyo hachimbi mlimani. Anachimba visima kwenye mchanga uliokwisha kutua korongoni, ambao mafuriko ya Januari yatausawazisha tena, na mashimo ya kulala kwenye ardhi tambarare yenye vichaka. Mteremko ukibaki mtupu anahama, kwa sababu udongo wa juu ukiondoka, maji ya mvua hayazami tena kumfikia puani. Atalala bila kuamshwa. Katika hadithi ya tatu kijiji kinagundua hilo kwa kuchelewa.

Kwa nini Kongwa hayupo?

Udongo. Serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, ukafungwa mwaka 1951. Mvua ilikuwa chache, mibuyu na vichaka viliwashinda matrekta, na udongo wa mfinyanzi wakati wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Chuma kilishindwa pale. Kucha zitaweza vipi?

Mbona hana mabawa? Na kwa nini usimfanye mkubwa kama nyumba?

Tandawala mkubwa ni miongoni mwa ndege wazito kuliko wote wanaoruka duniani, na dume hufika karibu kilo 18. Ni ndege wa nyanda zetu, na utamwona anatembea kutwa, kuruka kwake ni mpaka alazimike. Hakuna mnyama aliye hai leo anayeruka akiwa na kilo 70.

Ukubwa nao una sheria. Mwongeze mnyama urefu mara mbili kwa kila upande, uzito wake unapanda mara nane, lakini eneo la mkato wa mfupa unaoubeba uzito huo linapanda mara nne tu. Ndiyo maana miguu ya tembo ni nguzo na ya swala ni vijiti. Chimbamvua mkubwa kama nyumba asingeingia shimoni, na shimo lenyewe lingembomokea. Kiumbe wa kutungwa akipewa kila kitu, msomaji hana sababu ya kumhofia wala kumwonea huruma.

Anaharibu mashamba?

Ndiyo. Anapenda karanga na atafuata mstari mmoja mpaka mwisho. Mtama na uwele haugusi. Adui wa mazao hayo ni kwelea kwelea. Sikutaka mnyama asiyemgharimu mtu chochote. Mgogoro wa mkulima anayelinda karanga zake na mtoto anayetaka kisima cha korongoni kiendelee kuwepo ndio unaobeba hadithi ya pili, na wote wawili wana haki.

Je, amechorwa kwenye miamba ya Kolo?

Hapana, na naomba msimtafute kule kwa kulowesha miamba maji ili picha zing'ae. Maji yanaziharibu. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Humo mna watu wenye miili mirefu myembamba, twiga, tembo, pofu na wengineo, wengi kwa rangi nyekundu. Nendeni mkaitazame kwa ajili yake yenyewe.

Analia vipi?

Kwa kawaida halii. Jike mwenye mtoto hutoa mngurumo wa chini sana, unaosikika zaidi kwa nyayo kuliko kwa masikio. Anapoumizwa anapiga kelele kali, mlio wa pimbi ulioongezwa sauti.

Anafugika?

Hafugiki. Zizi halina kina.

Naruhusiwa kumchora au kumtumia kwenye hadithi yangu?

Unaruhusiwa, na nafurahi kila ninapoona kazi mpya. Mavazi, majina ya wahusika, kijiji, hata tabia za chimbamvua mmoja mmoja, buni upendavyo. Mambo matatu naomba uyaache yalivyo: asiruke, asiilete mvua, na mkia wake ulingane na mwezi. Ukimchora akiwa na mkia mnene chini ya mbuyu wenye majani mabichi mwezi Desemba, mtoto wa Chamwino atakuandikia kabla yangu, maana anajua kwamba wakati huo mnyama ametoka tu shimoni na hajala. Mkia mnene uendane na mbuyu usio na majani, ubuyu umeanguka chini, nyasi za manjano. Kama mchoro ni wa jike, ongeza unene mara mbili.